Huduma ya saikolojia kwa walioachwa nyuma: namna ya kuianzisha na kuiendesha

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2020 zinaonyesha kwamba nchi zenye kipato cha chini zina wahudumu wa afya ya akili wasiofika wawili kwa kila watu 100,000, ilhali nchi tajiri zina zaidi ya 60. Pengo hilo haliko kati ya nchi na nchi tu. Hata katika miji yenye wanasaikolojia wengi, wapo watu wasiowahi kukaa mbele ya hata mmoja: mkimbizi, mfanyakazi wa ndani, kiziwi, aliyetoka gerezani, mama anayelea peke yake na kufanya kazi zamu mbili. Ukiuliza sababu, utaambiwa upesi kwamba watu hao "hawaji" au "hawana uelewa". Mara nyingi si kweli. Huduma imepangwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa: mwenye nauli, mwenye simu isiyoshikwa na mtu mwingine, anayeweza kuomba ruhusa kazini saa 4 asubuhi, anayesoma fomu bila kubabaika. Mwongozo huu ni wa mwanasaikolojia au mshauri nasaha anayetaka kuipanga upya.

Pita njia ya mteja

Kabla ya kutoa tangazo lolote, tenga siku moja upite njia atakayopita mteja. Piga simu ofisini kwa namba wasiyoijua. Jaza fomu ya usajili ukiwa umesimama, maana ndivyo wengi wanavyolazimika kuijaza. Panda gari la abiria kutoka mtaa unaotaka kuuhudumia hadi mlangoni, uhesabu muda na nauli ya kwenda na kurudi. Kila panapodaiwa kitu, andika: pesa, kitambulisho, lugha fulani, kujua kusoma, ngazi za kupanda, ruhusa ya mtu mwingine. Mlinzi wa getini anayeuliza kwa sauti "unakwenda kwa nani?" mbele ya foleni ni kikwazo kamili, na kumwelekeza namna nyingine ya kuuliza hakuhitaji bajeti.

Baada ya hapo sikiliza. Watu 15 hadi 20 wanatosha kwa kuanzia, mmoja mmoja, kwa kuwa kwenye mkutano wa hadhara huzungumza wale wale. Maswali matatu yanafungua mengi. Mtu akizidiwa na mawazo, hapa kwenu hali hiyo mnaielezaje? Huenda kwa nani kwanza? Na aliyewahi kutafuta msaada rasmi, alirudi na nini? Hilo la tatu ndilo litakalokuonyesha kwa nini watu hawana imani nawe, na aghalabu wana haki.

Hatua hii watu huiruka kwa kudhani wanajua majibu. Paul Bolton na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu tiba ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwa vikundi kusini magharibi mwa Uganda, hawakuanza na orodha ya dalili za vitabuni. Walitumia hali mbili ambazo wenyeji tayari walizitambua na kuzipa majina, ndipo wakazilinganisha na sonona ya vitabuni. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, dakika 90 kila mara, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili. Dalili zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko kwenye vijiji visivyopata tiba hiyo.

Ukiunda kamati ya wanajamii, ipe mamlaka yanayotajika kwa maandishi: saa za kufungua, mahali, na sauti katika kuajiri. Walipe kwa muda wao kama unavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote. Na usiijaze viongozi watupu. Mwanamke anayepigwa na ndugu wa kiongozi hatafungua mdomo mahali ambapo kiongozi huyo ana ufunguo wa chumba.

Saa, mahali na pesa

Huduma inayofunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni inawahudumia wasio na kazi na wenye kazi nzuri. Weka angalau jioni moja na nusu siku ya mwisho wa wiki. Acha kati ya robo na theluthi ya nafasi zako bila miadi, kwa ajili ya wanaofika wakijaaliwa. Chumba kiwe ndani ya mahali ambapo watu huenda kwa mambo mengine, kama kliniki ya mama na mtoto, shule au kituo cha msaada wa kisheria, ili atakayemwona mtu akiingia asijue amefuata nini.

Kikao cha kwanza kipangwe kana kwamba ndicho cha mwisho, kwa kuwa kwa wengi ndivyo kitakavyokuwa. Ofisi nyingi hukimaliza chote kwa fomu na maswali, mtu akarudi nyumbani mikono mitupu na nauli imekwisha. Maswali yasizidi dakika 20. Muda uliobaki mpe kitu cha kuondoka nacho: maelezo yanayoeleweka ya kinachompata, mbinu moja aliyoijaribu hapo hapo mbele yako, na jina la mtu atakayempokea akirudi.

Anayekosa kikao usimfute. Kanuni ya "ukikosa mara mbili unaondolewa" huwatoa wale wale uliowafungulia mlango. Mpigie, na umuulize kilichomzuia badala ya sababu ya kutokuja. Swali la pili husikika kama lawama. Kabla ya hapo lakini, siku ya kwanza, uliza simu ni ya nani na nani mwingine huishika. Ujumbe usiseme chochote zaidi ya siku na saa, wala usitaje ushauri nasaha.

Ada ikiwepo, weka viwango vitatu na cha nne kiwe sifuri, mteja achague mwenyewe bila kuleta ushahidi wa umaskini. Kumtaka mtu athibitishe ufukara wake dirishani ni kumdhalilisha kabla hujamsaidia. Na ikiwa unajitolea, saa nne kila wiki kwa mwaka mzima zina faida kuliko kampeni kubwa ya siku saba. Kampeni hufungua majeraha, na ikiondoka hakuna wa kuyafunga.

Mkalimani

Lugha ikiwa kikwazo, tafuta mkalimani aliyefundishwa. Usimtumie mtoto wa mteja kamwe, hata kwa swali dogo, na usimtumie mume au jirani. Kutana na mkalimani dakika kumi kabla ya kikao. Kubalianeni kwamba atatafsiri kila kitu, ikiwemo matusi na maneno yasiyoeleweka, na kwa nafsi ya kwanza: mteja akisema "naogopa", asiseme "anasema anaogopa". Kaeni pembetatu, wewe ukimtazama mteja na kuzungumza naye yeye. Sema sentensi mbili kisha nyamaza. Panga muda mara mbili ya kawaida. Baada ya kikao mpe mkalimani dakika nyingine kumi; naye amesikia habari za mateso, na huenda zinafanana na zake.

Tahadhari moja zaidi: katika jamii ndogo, au panapokuwa na mgogoro wa kisiasa, mkalimani anaweza kuwa wa upande ambao mteja anaukimbia. Muulize mteja faraghani kama mtu huyo anamfaa, na umpe njia rahisi ya kukataa.

Dodoso linapodanganya

Madodoso ya kupima dalili yanasaidia, lakini yalitungwa kwa maisha fulani. Chukua PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kwa kawaida alama 10 na kuendelea huonyesha kwamba mtu anahitaji kuangaliwa kwa undani. Sasa likalishe mbele ya mtu asiye na chakula cha uhakika. Swali la tano linauliza juu ya kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi. Mtu anajibu "karibu kila siku", nawe unaandika 3, kumbe hamu anayo. Asichokuwa nacho ni chakula. Swali la tatu ni la usingizi: anayelala watu sita chumba kimoja, au anayefanya kazi ya ulinzi usiku, atapata alama bila kuwa na sonona. Swali la saba linatoa mfano wa umakini wa kusoma gazeti au kutazama televisheni, na mtu asiyesoma wala kuwa na televisheni hujibu "hapana, sina tatizo". Kwa hiyo alama zinaweza kupanda kwa sababu ya njaa na kushuka kwa sababu ya mfano usiofaa, na jumla ikabaki namba isiyo na maana.

Dawa yake ni kazi ya wiki chache. Tafuta kwanza kama lipo toleo lililokwisha kupimwa katika lugha hiyo. Kama halipo, watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, kisha waketi kusuluhisha tofauti zao. Mtu wa tatu, asiyewahi kuona dodoso la awali, alirudishe katika lugha ya kwanza ili makosa yaonekane. Halafu lipeleke kwa watu kama kumi wa jamii husika, na baada ya kila swali uliza: "Umeelewa nimeuliza nini? Unaweza kunieleza kwa maneno yako?" Hapo ndipo utakapogundua mengi, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Maswali yenye pande mbili, kama lile la kula, ulizia kila upande peke yake. Kila panapotokea alama 2 au 3, ongeza swali moja: "Ni nini kinachosababisha?"

Swali la tisa, la kuwaza kufa au kujidhuru, halirukwi na halipunguzwi makali. Kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Lakini usiulize kama hujapanga utakachofanya akijibu ndiyo.

Wasio wataalamu wanaotibu

Wataalamu hawatatosha kwa miaka mingi ijayo. Njia iliyothibitishwa ni kuwafundisha watu wa jamii watoe tiba fupi yenye mpangilio, mtaalamu akibaki kuwa mwalimu na msimamizi. Huko Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii kuzungumza na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, kwa njia ya kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573 katika kliniki 24, lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Usibuni mtaala kutoka mwanzo. WHO ilitoa mwaka 2016 mwongozo wa bure unaoitwa Problem Management Plus, wenye vikao vitano vya kila wiki, dakika 90 kila kimoja, na mbinu nne: kupumua polepole ili kutuliza mwili, kutatua matatizo kwa hatua, kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli mtu alizoziacha, na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Kwa asiye na msingi wowote, tenga takriban saa 80 za darasani, kisha kila mmoja ahudumie wateja wawili wa mazoezi huku akifuatiliwa kwa karibu.

Wakati wa kuchagua watu hawa, cheti kina uzito mdogo. Mpe kila mwombaji igizo la dakika kumi: mtu analia na kusema mume wake amefukuzwa kazi. Angalia kama anasubiri, kama anarudia alichosikia, au kama anakimbilia kuhubiri na kutoa ushauri. Anayenyamaza vizuri anaweza kufundishwa mengine. Anayehubiri ni vigumu kumbadilisha.

Mradi wa namna hii hufia kwenye usimamizi. Fedha huisha baada ya mafunzo, na wahudumu huachwa peke yao na visa vizito. Hesabu mapema saa mbili hadi tatu za usimamizi wa kikundi kila wiki, mtaalamu mmoja kwa wahudumu wasiozidi wanane, na uziweke kwenye bajeti kabla ya kuandika gharama za ufunguzi. Kila kikao cha usimamizi kiwe na igizo la sehemu iliyomshinda mtu. Kusimuliana tu huficha makosa. Walipe. Kumtwisha mwanamke maskini mzigo wa kuwatibu maskini wenzake bila malipo ni udhalimu uleule unaodai kuupinga, hata ukiuita kujitolea.

Akitaka kufa

Kabla ya siku ya kwanza ya huduma, kila mhudumu awe na karatasi moja yenye majina mawili ya kupigiwa, mchana na usiku, na mahali pa kumpeleka mtu. Akikutana na mwenye nia ya kujiua, amjazie mpango wa usalama wenye hatua sita, uliotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili zinazomwonya kwamba hali inakuja, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na jinsi ya kuondoa vitu vya kujidhuru nyumbani. Uandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe. Asiyesoma achorewe picha au arekodiwe sauti, ikiwa simu yake ni salama. Mkataba wa "naahidi sitajiua" achana nao: haujathibitishwa kuzuia kifo, na humfanya mtu afiche nia yake ili asikuvunje moyo.

Hatua ya sita ndiyo inayovuka mipaka ya chumba. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za wadudu zenye sumu kali zaidi mwaka 1995, na nyingine mwaka 1998, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban nusu kufikia mwaka 2005. Hakuna idadi ya vikao ingefikia hapo. Ukiona sumu moja inajirudia kwenye visa vyako, barua kwa mamlaka ya afya ni sehemu ya tiba.

Ugonjwa ni upi na dhuluma ni ipi

Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia na padri Mjesuiti aliyeuawa na wanajeshi nchini El Salvador Novemba 1989, aliwalaumu wanasaikolojia kwa kukibebesha kichwa cha mtu mmoja mateso ya jamii nzima. Namna ya kuepuka kosa hilo ni ya kawaida kabisa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada chora safu mbili. Kushoto andika yaliyo ndani ya uwezo wa mteja: mazoea, mawazo, mahusiano, kuacha pombe. Kulia andika yanayotoka nje: mshahara usiolipwa, notisi ya kuhamishwa, mtoto aliyefukuzwa shule, polisi wanaomsumbua. Kila upande uwe na walau hatua moja kila kikao. Safu ya kulia ikijaa huku tiba yote iko kushoto, unamfundisha mtu kuvumilia asichopaswa kuvumilia.

Hatua za kulia mara nyingi ni barua. Barua yenye nguvu haizidi ukurasa mmoja. Inasema wewe ni nani na umemwona mteja mara ngapi, umeona nini mwenyewe, hali hiyo inamzuia kufanya nini kwa vitendo ("hawezi kusimama kwenye foleni zaidi ya dakika kumi bila kupatwa na hofu kali"), na unaomba nini hasa, lini. Tenganisha ulichoona na ulichoambiwa. Ukitia chumvi mara moja, barua zako zote zinazofuata hazitaaminika, na wateja wako ndio watakaoumia. Barua isiondoke kabla mteja hajaisoma au kusomewa na kukubali.

Kisha tazama majalada kwa pamoja. Wateja 12 wakileta notisi za mwenye nyumba yule yule, hiyo si bahati mbaya ya watu 12. Ondoa majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, andika ripoti ya kurasa mbili, wapelekee wanasheria na kamati ya wanajamii, na waachie wao waamue kama itatoka hadharani, kwa kuwa kisasi kitawaangukia wao. Utaalamu wetu una uzito mahali pa maamuzi. Matokeo ya uchunguzi wa wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark kuhusu watoto weusi yalitumika katika kesi ya mwaka 1954 ambamo Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Jalada

Andika kidogo. Hali ya uhamiaji, jinsia anayoipenda mtu, kosa aliloungama: kama tiba haihitaji, isiwemo, kwa maana jalada linaweza kudaiwa na mahakama au kuibwa. Mweleze mteja mwanzoni, kwa maneno mepesi, ni lini sheria inakulazimisha kuvunja siri, kabla hajakwambia jambo ambalo hutaweza kulificha.

Wasiokuja na wanaobaki

Kila baada ya miezi mitatu linganisha waliokuja na wanaoishi eneo hilo: umri, jinsia, lugha, ulemavu, umbali. Wasioonekana ndio ajenda ya mkutano unaofuata. Hesabu pia walioacha baada ya kikao cha kwanza, na kwa mhudumu yupi; namba hiyo ikiwa kubwa kwa mmoja, anahitaji msaada kabla ya lawama.

Ikiwa fedha zina mwisho, wateja waujue miezi sita kabla. Acha kupokea wapya wa tiba ndefu miezi mitatu kabla ya kufunga, mkabidhi kila aliyebaki kwa mtu mwenye jina na si kwa ofisi tu, na kikao cha kwanza cha makabidhiano wakae wote watatu: mteja, wewe, na atakayempokea.